Utakatifu Sokoni na Kazini



Swali: Ni nani aliyeitwa kuwa mtakatifu?
Jibu: Kila mbatizwa ameitwa kuwa mtakatifu.

Wakristu wengi hudhani kwamba utakatifu ni kazi ya mapadri na masista, na kwamba mlei atosheka na Misa ya Dominika. Sivyo. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati iitwayo Lumen Gentium, ulifundisha wazi kwamba waamini wote, wa kila hali, wameitwa kuufikia ukamilifu wa mapendo. Basi mwuza maharagwe wa Butembo ameitwa. Mkulima wa kahawa wa Beni ameitwa. Na mkaguzi wa mizigo mpakani Kasindi ameitwa vilevile. Tena hawakuitwa waziache kazi zao, bali wajitakase humo humo kazini.

Tutazame mfano uliotokea mkoani mwetu, Kivu ya Kaskazini. Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981. Alikuwa mlei, mwenye elimu ya sheria, naye pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio aliwahudumia watoto wa barabarani mjini Goma. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alipewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye heri na shahidi wa imani.

Swali: Kwa nini aitwa shahidi wa imani, iwapo hakuna aliyemwamuru kumkana Kristu kwa kinywa?
Jibu: Kwa sababu alikataa kumkana kwa matendo.

Fikirini vema jambo hili. Aliombwa tu apokee fedha na kufumba macho. Lakini alijua kwamba chakula kile kingeliwa na maskini, na katika maskini alimtambua Kristu. Wala ushujaa wa namna hiyo hauzaliwi siku moja. Haba na haba hujaza kibaba: uaminifu katika mambo madogo humwandaa mtu kwa jaribu kubwa, na vivyo hivyo udanganyifu mdogo humwandaa kwa anguko kubwa.

Wengine hujibu: «Soko ndivyo lilivyo, nisipopunguza kipimo, watoto wangu watalala njaa.» Ndugu, Kanisa halidharau taabu hiyo. Twajua mauaji yaliyowapata watu wa Beni tangu mwaka 2014, na jamaa ngapi walikimbilia mijini bila mali. Lakini angalia ni nani anunuaye unga kwako. Huenda ni mama aliyeliacha shamba lake usiku, naye ana watoto pia. Kopo lililobonyezwa chini ili lichukue kidogo humnyang'anya yeye.

Swali: Aliyekwisha kudanganya afanyeje?
Jibu: Atubu, aungame, na kurudisha alichochukua.

Kuungama bila nia ya kurudisha si toba kamili. Ikiwa mwenye mali hajulikani, au haiwezekani tena kumfikia, mali hiyo ipewe maskini. Asiyeweza kurudisha yote kwa mara moja, arudishe kidogo kidogo kadiri awezavyo.

Shikeni basi mambo matatu kila siku. Asubuhi, kabla ya kufungua duka au kushika jembe, fanya ishara ya msalaba na umtolee Mungu kazi ya siku ile. Mchana, unapopima, unapolipa mshahara wa kibarua, unapotia sahihi karatasi, kumbuka kwamba Mungu yupo. Jioni, kabla ya kulala, ichunguze dhamiri yako: Leo nani amepunjwa kwa mkono wangu? Nani amesaidiwa? Kisha omba msamaha, na kesho uanze na yule uliyempunja.

Azimio la juma: Kila mmoja akitazame chombo chake cha kupimia. Kikiwa na hila, akitupe kabla ya Dominika, aje mezani pa Bwana na mikono safi.

Mwenye heri Floribert, utuombee. Amina.