Digadi linalobaki kwenye lori

Panda bodaboda nyuma ya tipa la kokoto kutoka Usagara kuingia Buhongwa, utaelewa mada yenyewe. Utaona matipa yasiyo na madigadi ya nyuma. Mara nyingi yalikuwepo. Yalipinda, yakaanza kusaga tairi, fundi akayang'oa, basi. Kwa hiyo swali la kihandisi si digadi lipi ni gumu zaidi, ila lipi litadumu kwenye gari.

Gari likienda kilomita 60 kwa saa, tairi hurusha jiwe ndani ya digadi kwa kasi inayokaribia hiyohiyo. Bati la chuma hubonyea na halirudi. Rangi inabanduka, mvua inaingia, kutu inaanza. Polietilini, yaani plastiki ya yale mapipa ya bluu ya lita 200, hubonyea kisha hurudi.

Sasa uzito. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 3 ina kilo 23 na ushee. Polietilini ya milimita 6, unene maradufu, haifiki kilo 6. Mizani ya barabarani hupima gari na mzigo pamoja, hivyo kila kilo ya digadi ni kilo ya kokoto iliyobaki machimboni. Bosi wa tipa hoja hiyo anaielewa haraka kuliko ya usalama!

Ila plastiki ina kasoro: hata kwa unene huo inalegea zaidi ya mara 20 kuliko lile bati. Dawa yake ni umbo, siyo unene. Ipige mikunjo, kama bati la nyumba lilivyo na migongo. Iwe nyeusi pia, maana kaboni huikinga na jua la Mwanza.

Nafasi kati ya tairi na digadi ndiyo wengi hukosea. Ipimwe lori likiwa limejaa na springi zimeshuka, kisha iongezwe ukubwa wa jiwe. Ikibana, udongo mweusi wa mbuga unashindilia mle na kukauka kama tofali.

Pipa lenyewe ni jembamba, kama sentimita 58, na tairi linazidi mita moja, hivyo lazima lipashwe moto na kupanuliwa. Boliti ziwekewe raba, kwa sababu mtikisiko hukata vyuma vya kushikilia. Nyuma lishuke chini kabisa: jiwe lililonaswa katikati ya tairi pacha hutokea huko, usawa wa uso wa dereva wa bodaboda.