Mawe, chaki na mkaa: Jinsi wanafunzi wa Lubumbashi wanavyoweza kukamilisha katuni moja kwa mikono mingi

Filamu fupi ya katuni inayotengenezwa na kundi la wanafunzi inaweza kukwama hata kama wachoraji wapo wa kutosha. Inatosha kila mmoja aanze kazi yake kabla ya wenzake kukubaliana. Kwa vijana wa Lubumbashi wanaotaka kuchanganya michoro, mawe na karatasi katika filamu moja, mfano wa kuigwa upo nyumbani.

Mwaka 2019 ilitoka Machini, filamu fupi ya takriban dakika 10 ya Frank Mukunday na Tétshim, wasanii wawili wa mji huo waliojifunza uhuishaji wenyewe. Tétshim alitokea upande wa uchoraji, Mukunday upande wa video. Mwaka 2010 walianzisha studio yao, Crayon de Cuivre, yaani kalamu ya shaba. Katika Machini, mawe madogo na chaki viligeuka watu wa mji unaoishi na moshi na vumbi la viwanda.

Hawakuchagua mawe kwa ajili ya mapambo tu. Lubumbashi ni mji uliozaliwa na shaba, na bomba la moshi la kiwanda cha zamani pamoja na mlima wa mabaki ya madini bado ndiyo alama zake. Mkazi wa huko akiona jiwe likitembea kwenye skrini, hahitaji kuelezwa linatoka wapi.

Hadithi kwanza, mbinu baadaye

Hapo ndipo kundi linapaswa kuanzia. Tuseme wanafunzi wanane wamechagua hadithi ya kijana anayeacha shule kwenda machimboni. Darasa linaweza kuchorwa kwa chaki ubaoni. Machimbo yakatengenezwa kwa mawe. Ndoto za kijana zikawa vipande vya kitenge na karatasi vilivyokatwa kwa mkasi. Moshi ukachorwa kwa mkaa, au makala kama wanavyosema Lubumbashi, ukafutwa na kuchorwa tena juu ya karatasi ileile. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyompa jina William Kentridge wa Johannesburg.

Kwa mpango huo, mbinu inapobadilika mtazamaji anajua kwamba kijana amehama kutoka ulimwengu mmoja kwenda mwingine. Mbinu zikigawanywa kwa kufuata tu nani anapenda nini, filamu itaonekana kama kazi nane zilizounganishwa kwa gundi.

Hesabu isiyodanganya

Kwa kawaida sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde, lakini katuni nyingi hutumia picha 12, kila moja ikionekana mara mbili. Filamu ya dakika tatu ina sekunde 180, hivyo itahitaji picha 2,160. Zikigawanywa kwa watu wanane, kila mmoja ana picha 270. Anayeweza kumaliza picha 30 nzuri kwa siku atatumia siku tisa, bila kuhesabu maandalizi, sauti na picha za kurudiwa. Kwa kasi hiyohiyo, dakika 10 ni picha 7,200.

Ndiyo maana ni afadhali dakika mbili zilizokamilika kuliko kumi zilizoachwa njiani. Kabla ya picha ya kwanza kupigwa, filamu nzima ichorwe kwa penseli, tukio baada ya tukio, kisha michoro hiyo ipangwe kwenye kompyuta pamoja na sauti za majaribio. Kundi litaona mapema sehemu inayochosha na kuikata ikiwa bado ni penseli. Kukata tukio ambalo mwenzako amelihangaikia wiki mbili huleta ugomvi.

Kanuni za wote

Mikono ikiwa mingi, kanuni ziwe chache na ziandikwe: umbo moja la skrini, idadi moja ya picha kwa sekunde, rangi chache zinazorudi katika kila sehemu, na utaratibu mmoja wa kuyapa mafaili majina. Picha ya mwisho ya kila mmoja ikabidhiwe kwa anayemfuata, ili kijana anayetoka upande wa kulia katika chaki aingie kwa upande unaofaa katika mawe.

Mwanga nao unahitaji mpango. Jua la dirishani husogea, na vivuli husogea nalo. Picha zikifuatana, skrini huanza kupepesa. Taa mbili zenye betri katika chumba chenye pazia hutatua tatizo hilo, na husaidia umeme unapokatika. Simu ifungwe imara, na mwanga wake uwekwe kwa mkono badala ya kuachwa ujirekebishe. Wakati wa kiangazi, milango ifungwe: upepo mmoja wa vumbi unatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Sauti za watu wengi

Congo ina historia ya kufanya kazi hii kwa pamoja. Jean-Michel Kibushi, mwanzilishi wa filamu za katuni nchini humo, alitumia michoro ya watoto katika filamu yake ya mwaka 1992 kuhusu uporaji ulioikumba Kinshasa Septemba 1991. Watoto waliyaona matukio yale, na michoro yao ikawa ushahidi.

Hilo linadai uaminifu. Wanafunzi wakubaliane kwa maandishi, kabla ya kuanza, nani ataamua wakitofautiana, filamu itakuwa mali ya nani, na zawadi ikipatikana itagawanywa vipi. Aliyesogeza mawe usiku kucha aandikwe jina mwishoni mwa filamu kama alivyoandikwa aliyetunga hadithi.

Vifaa si kikwazo kikubwa tena. Simu, programu ya bure kama Blender ya kuunganisha picha, mkaa wa jikoni na mawe ya barabarani vinatosha kuanza. Kinachobaki ni kundi kukaa mezani, kuhesabu picha zake kwa ukweli, na kuchagua hadithi ambayo kila mmoja yuko tayari kuibeba mpaka picha ya mwisho.