Jedwali la daraja la mtandao: kwa nini fundi asiliache lijiendeshe lenyewe

SEVA moja inaweza kubeba kompyuta pepe nyingi, zote zikitoka nje kupitia waya mmoja. Kinachoziunganisha ni programu iitwayo daraja la mtandao, ambayo katika mfumo wa Linux imo ndani ya kiini cha mfumo wenyewe.

Kazi ya daraja hilo hufanana na ya tarishi wa ofisi. Kila kifurushi cha data kinapofika, programu hiyo hutazama anwani ya MAC ya kadi iliyokituma, kisha huandika katika jedwali lake anwani hiyo pamoja na mlango ilikotokea. Kikija kifurushi kinachoelekezwa kwa anwani hiyo, hupelekwa kwenye mlango huo pekee. Anwani isipokuwamo katika jedwali, tarishi hana budi kutoa nakala na kubisha kila mlango.

Hatari ipo hapo, kwa kuwa nakala iliyobishwa kila mlango inaweza kusomwa na asiyehusika.

Kwa kawaida jedwali hujisafisha. Kiwango cha 802.1D cha taasisi ya IEEE kinapendekeza anwani isiyosikika kwa sekunde 300 ifutwe, na Linux hufuata muda huo. Katika ofisi nyingi utaratibu huu unatosha, na fundi asiye na sababu ya kuugusa ni afadhali auache.

Hata hivyo, zipo hali ambazo hautoshi. Kompyuta iliyounganishwa kupitia swichi nyingine ikihamishiwa upande wa pili na kukaa kimya, vifurushi vyake huendelea kupelekwa kwenye mlango wa zamani hadi dakika tano ziishe. Mtumiaji hulalamika kuwa amekatika, na fundi huanza kubadilisha nyaya zisizo na kosa lolote. Ingetosha kompyuta hiyo itume kifurushi kimoja, au fundi aliangalie jedwali kwa amri ya "bridge fdb show" na kuufuta mstari uliopitwa na wakati kwa "bridge fdb del".

Suala la usalama ni zito zaidi. Kompyuta ikituma kifurushi chenye anwani ya jirani yake, daraja huamini kuwa jirani amehama, na barua zake zote huanza kumfikia mwizi. Mafundi wengi hudhani kuwa kuiandika anwani kwa mkono kama ya kudumu, kwa neno "static", kunaziba mwanya huo. Sivyo. Neno hilo huizuia anwani isifutwe kwa kupitwa na muda, lakini haliizuii kuhamishiwa mlango mwingine. Kinachoifunga mahali pake ni neno "sticky", lililoongezwa katika toleo la 4.20 la kiini cha Linux mwaka 2018.

Aidha, kabla ya toleo la 6.7 lililotoka Januari 2024, daraja la Linux halikuwa na kikomo cha idadi ya anwani linazojifunza. Kompyuta moja yenye nia mbaya ingeweza kumimina anwani za uongo hadi kumbukumbu ya seva ielemewe. Toleo hilo lilileta kikomo, lakini thamani yake ya awali ni sifuri, maana yake hakipo mpaka fundi akiweke. Nacho kinahitaji hesabu: kikiwa kidogo mno, kompyuta halali zitakosa nafasi katika jedwali na vifurushi vyake vitasambazwa kwa wote, yaani hatari ileile iliyokuwa ikikimbiwa.

Pale ambapo kompyuta zote zinajulikana, njia madhubuti ni kuuzuia mlango usijifunze anwani mpya wala usipokee vifurushi vya anwani zisizojulikana, kisha kuorodhesha kwa mkono anwani zinazoruhusiwa. Gharama yake ni kazi ya kila siku. Kadi ya mtandao ikibadilishwa na mstari wake usibadilishwe, kompyuta hiyo hukatika hata kama waya ni mzima.

Mistari iliyoandikwa kwa mkono pia hupotea seva inapozimwa na kuwashwa upya, isipokuwa amri zake ziwe zimewekwa katika faili za mipangilio zinazosomwa wakati wa kuwasha.