Mbwa akikufa nyumbani: machozi, maswali, na wakati wa kukamata mwingine

Kila mangaribi, katika parseli moja ya komine ya Kadutu, muji wa Bukavu, mama mmoja mwenye kuuza sambaza anakwangua ukoko wa bugali kwenye sufuria na kuuweka pembeni ya mulango. Kisha anakumbuka. Mbwa amekufa, sasa ni wiki sita, lakini mukono ungali unafanya kazi yake ya miaka tisa.

Mbwa alikuwa anaitwa Baseme. Huku Kivu watu wengi wanamupa mbwa jina lenye kutumia majirani ujumbe, na Baseme, ni kusema waache waseme, lilikuwa jibu la marehemu bwana wa mama huyo kwa wale waliomucheka juu alikosa pesa ya kufunga parseli, akaleta mbwa. Bwana alikufa, mbwa akabaki. Saa kumi ya usiku, mama akitelemuka kwenda kando ya ziwa kungojea mitumbwi ya wavuvi, Baseme alikuwa anamusindikiza mpaka barabarani, kisha anarudi peke yake kulala mbele ya mulango wa watoto.

Alipokufa, majirani waliona macho ya mama na ya kijana wake wa miaka 11 yamevimba. Wakacheka. Ni imbwa tu, walisema. Mumoja akauliza kama kuna mutu amekufa na wanamuficha.

Kicheko hicho kilikuwa na bei. Juu ya haya, nyumba ile iliacha kabisa kusema habari ya mbwa. Na kwa sababu hakuna mutu aliyesema, hakuna mutu aliyeuliza swali lenye lilipaswa kuulizwa ile siku ya kwanza: alikufa na nini?

Kilio bila matanga

Mutu akikufa, kuna namna. Wanaweka viti inje, wanafunga hema, jamaa wanakesha, kila mutu anatoa kidogo yenye iko nayo. Mwenye kufiwa hata akikosa maneno, watu wanakaa karibu naye mpaka siku za matanga zinaisha. Kwa mbwa hakuna kiti hata kimoja. Na jina lenyewe la imbwa ni tusi; namna gani mutu atasema mbele ya watu kwamba analilia kitu chenye wanatukanishaka?

Lakini huzuni haiulizi ruhusa. Mbwa anaishi ndani ya mipango ya siku: saa ya kufungua mulango, saa ya chakula, sauti kwenye mulango mwenye nyumba akirudi. Akitoka, hiyo mipango yote inabaki na tundu. Ndiyo maana mutu anasikia hatua zake usiku, ao anaweka ukoko pembeni. Si wazimu. Wenye wanaumia zaidi ni wenye walikuwa na watu wachache wengine: mujane, muzee mwenye watoto wake walienda mbali, zamu mwenye kukesha peke yake, mutoto. Kwa mama wa Kadutu kuna jambo la kuongeza: mbwa ndiye alikuwa kitu cha mwisho chenye bwana yake aliacha kikiwa na pumzi.

Wengine wanasema kulilia mbwa ni mambo ya Wazungu. Hapo wanakosea. Katika pori ya Ituri, wawindaji wanatembea tangu zamani na mbwa wadogo wenye hawabweki sawa mbwa wengine, na wanawafunga kengele ya mti kwenye shingo ili wasipotee kwenye majani. Mbwa wa namna hiyo walipendeza wageni sana hata mwaka wa 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walifika kaskazini-mashariki ya inchi, Zaire ya wakati ule, kuwatafuta. Inje wanawaita Basenji, neno lenye huku ni tusi pia; hapo kila mutu ajionee mwenyewe. Na pale Rumangabo, kwenye Parke ya Virunga, kuna walinzi wenye wamefanya kazi na mbwa wa kufuata harufu ya wawindaji haramu. Mutu mwenye anafuata kamba ya mbwa ndani ya pori lenye watu wa silaha hawezi kusema ni imbwa tu.

Kuna pia wenye walipoteza mbwa bila kumuona akikufa. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipotema moto, na siku chache nyuma, tarehe 27, wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma walipoambiwa watoke, watu walishika njia ya Sake, wengine mashua, wengine Rwanda. Mukono mumoja mutoto, mukono mwingine godoro. Mbwa alibaki. Ilikuwa vile tena kwa wengi katika vita vya Januari 2025. Wenye walirudi na kukuta kamba imekatika hawajui kama alikufa ao kama mutu alimukamata. Huzuni ya namna hii inachukua muda mrefu, maana kila mbwa mwenye rangi sawasawa kwenye barabara anaianzisha upya. Wenye walikimbia na watoto mikononi hawana kosa la kujibu juu ya mbwa. Inafaa wasikie hivyo kutoka kwa watu wao wa nyumbani, na isiwe mara moja tu.

Kwa watoto, neno la kweli ni bora. Wazazi wengi wanasema mbwa amekimbia, ao amepelekwa kijijini. Mutoto anakaa kwenye mulango kungojea. Ni vizuri zaidi kumuambia kwamba amekufa, kumuacha alie, kumuacha aulize kila kitu. Na wakati mutoto anauliza, muzazi naye apate nafasi ya kuuliza yake.

Alikufa na nini?

Baseme alibadilika siku ine mbele ya kufa. Aliacha kula, alijificha chini ya kitanda, mate yalikuwa yanatoka. Kijana alipomusogezea sahani, yeye mwenye hakuwahi kugusa mutu wa nyumba alimurukia mukono. Ilikuwa alama ndogo, damu kidogo tu. Kijana hakusema. Kwanza aliogopa watamupiga mbwa. Kisha mbwa alipokufa, aliogopa watamucheka.

Siku kumi zilipita mpaka shangazi yake, muuguzi, alipokuja kusalimia. Hakucheka. Alikaa karibu na kijana na kuuliza Baseme alikufa namna gani. Kijana akaeleza yote, akaonyesha na kidole. Shangazi alisimama palepale, akatuma waite moto ya kuwapeleka hospitali.

Ugonjwa wenye aliogopa ni kichaa cha mbwa, wengi wanasema raji. Ni virusi vyenye vinakaa ndani ya mate na kupanda kwenye mishipa mpaka ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu karibu 59,000 kila mwaka katika dunia, wengi wao Asia na Afrika, na karibu 99 kwa mia wameupata kwa mbwa. Kati ya watu kumi wenye wameumwa na mbwa mwenye kushukiwa, ine ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mutu, kuogopa maji, kuchanganyikiwa, hakuna dawa tena; karibu wote wanakufa. Lakini mbele ya dalili kuna nafasi, na mara nyingi ni ndefu: kwa kawaida miezi miwili ao mitatu, ijapokuwa inaweza kuwa wiki moja tu ao hata mwaka muzima.

Kwa hiyo mutu mwenye ameumwa, amekwaruzwa ao kidonda chake kimerambwa, aoshe hapo na maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungojea. Kule wanatoa chanjo kwa siku zenye wanapanga, na kama kidonda kimetoka damu wanaongeza seramu. Si kila santre ya afya iko na dawa hizo. Ni lazima kuuliza haraka ni wapi zinapatikana, na kurudi kwa kila dozi. Jiwe nyeusi, majani na pilipili havifiki kwenye virusi. Na mwenye amechelewa, kama kijana wa Kadutu, aende vilevile, hata kama kidonda kimekwisha kupona.

Kama mbwa mwenye aliuma angali muzima, afungwe na aangaliwe siku 10. Akizipita bila ugonjwa, hakuwa na raji katika mate yake ile siku. Akikufa ndani ya hizo siku, waambie veterineri mbele ya kumuzika, maana ni ubongo wenye unaweza kuonyesha ukweli, na veterineri ndiye anajua namna ya kuutoa. Mutu mwingine asimuchune, asimukate.

Wafugaji wanajua vifo vingine. Kuna sumu yenye wezi wanatupa ndani ya nyama usiku mbele ya kuingia. Mbwa anatetemeka, anatapika, anakufa kwa muda mufupi, na kama ni hivyo, parseli ndiyo inatafutwa, na mbwa mwingine atapewa nyama ileile. Kuna parvo, kwa watoto wa mbwa zaidi, yenye kuleta kutapika na kuhara damu. Kuna ugonjwa wa Carré wenye unaanza na macho na pua kutoka maji na kufika kwenye mishipa. Na kuna uzee, wenye hauna wa kulaumiwa.

Kuhusu kuzika: shimo la metre moja kama udongo unaruhusu, mbali na chemchem na kisima, na mufuniko wa mawe ili mbwa wengine wasifukue. Goma, juu ya lava, ni maneno mepesi kusema. Watu wanatafuta mahali penye udongo ao wanalipa vijana wenye chuma. Mwenye kuzika avae gan ao mifuko ya plastike mikononi.

Baseme alikuwa amekwisha kuzikwa nyuma ya jiko. Kama alikuwa na raji ao hapana, hakuna mwenye atajua. Kijana alimaliza dozi zake, na mpaka sasa iko muzima. Mama ndiye anabakia na maswali mawili kwa mara moja: analilia mbwa mwenye alimulinda, na anaogopa mbwa huyohuyo angemuondolea mutoto.

Kukamata mwingine

Zamu wa parseli ya jirani iko na mbwa jike mwenye amezaa. Wiki moja tu nyuma ya kifo cha Baseme alileta mutoto mumoja ndani ya kikapo, kwa wema. Kijana aligeuza uso kwenye ukuta. Mama akarudisha kikapo, na zamu akakasirika kidogo.

Alifanya vizuri. Mbwa mwenye analetwa kuziba tundu anapimwa kila siku na yule mwenye amekufa, na anashindwa kila siku: anakojoa ndani, anatafuna kiatu, hajui njia ya barabarani. Kuna nyumba zenye zinamupiga bure kwa sababu hiyo. Kwa upande mwingine, kungojea mpaka huzuni yote iishe si lazima. Kwa wengine haiishi. Alama yenye inasaidia ni ndogo: watu wa nyumba wakianza kusema habari ya yule wa zamani na kucheka kidogo, si kulia tu, wanaweza kuona mbwa mugeni sawa mugeni.

Kinachobaki ni hesabu, na hesabu haina haya. Nani atamupa chakula siku mama hakuuza? Mwenye nyumba ya kupanga anakubali? Veterineri iko wapi na chanjo ni bei gani? Chanjo ya raji inatolewa tangu miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka ao vile veterineri anasema. Mara nyingi karibu na 28 Septemba, siku ya dunia ya kupigana na raji, kunakuwaka kampeni, na radio za muji zinatangaza. Mutoto wa mbwa asiachanishwe na mama yake mbele ya wiki nane. Kama wa kwanza alikufa na parvo, virusi vinaweza kubaki ndani ya udongo miezi mingi, hata mwaka: simenti na sahani zioshwe na javel, glasi moja kwa glasi 30 za maji, lakini udongo hauosheki, kwa hiyo mugeni amalize chanjo zake kwanza ao akamatwe mukubwa mwenye alishachanjwa.

Kuna na swali lenye watu wa mashariki wanalijua kuliko wengine: tukikimbia tena? Wengine wanasema hapana kwa ajili ya swali hilo pekee, na ni jibu la busara. Wengine wanaelewana tangu mwanzo nani atashika kamba.

Kwa Kadutu, watoto wa mbwa wa zamu wamefikisha wiki tisa. Juma iliyopita kijana alienda peke yake kuwaangalia, akasimama mbali, mikono nyuma. Hakugusa hata mumoja. Alimuuliza zamu kama mama yao alichanjwa, na lini. Zamu alisema hakumbuki, akaahidi kuuliza bwana wa parseli. Kijana alisema atarudi siku ya posho.