Mama Akomapo Siku Zake: Homoni au Mizizi?

Pengine mtastaajabu kuona karani wa parokia, tena mwanamume, anaandika habari za akina mama. Nami nilisita. Lakini baada ya yale yaliyompata mama yangu mkubwa niliona kunyamaza ni vibaya zaidi. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niyaandike, ila nisitaje jina lake.

Mama mkubwa alikuwa amekoma siku zake yapata miaka miwili. Usiku alikuwa akiungua kwa joto lianzalo kifuani, likapanda shingoni mpaka usoni, jasho likamtoka hata shuka zikaloa, kisha baridi ikamshika. Alidhani ni malaria. Mara tatu alinunua vidonge dukani bila kupimwa damu, na mara tatu joto likarudi. Ndipo mtu mmoja sokoni akamwuzia chupa ya mizizi iliyochemshwa, akimwambia ni dawa ya asili, haina madhara yoyote, nayo itamrudishia nguvu za ujana. Akanywa miezi miwili. Siku moja akaja ofisini kwangu, nami naandika vyeti vya ubatizo, akafunga mlango, akaniambia kwa furaha: "Mwanangu, dawa ile ni ya kweli. Damu imerudi."

Mwuzaji naye alikuwa amemwambia kwamba kurudi kwa damu ndiyo alama ya dawa kufanya kazi. Chuoni kwetu cha ualimu tulifundishwa habari za mbu, minyoo na usafi wa choo, lakini hili halikuguswa hata kidogo. Basi nikampongeza. Neno lile lanichoma moyo hata leo. Ilipita miezi mitatu mpaka sista mmoja mwuguzi aliposikia habari hiyo baada ya Misa, akamshika mkono na kumpeleka hospitali siku ile ile. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi.

Nisiwe mwongo: mizizi ile haikumletea saratani. Saratani hiyo huletwa na virusi, navyo huweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya kudhuru. Kosa la chupa ile ni kwamba ilimpa mama mkubwa maelezo mazuri ya jambo baya, akakaa nyumbani. Kwa hiyo, kabla sijasema neno jingine lolote, mama msomaji, shika hili: ukikaa miezi 12 bila kuona siku zako, kisha damu ikatoka, hata tone moja, hata kama huna maumivu, nenda hospitali. Pengine itakuwa jambo dogo. Lakini wa kusema hivyo ni mganga aliyekupima, si mwuza chupa.

Sasa tuelewe mambo yenyewe. Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kushoto na kulia kwa mji wa mimba. Vifuko hivyo hutengeneza homoni, ambazo husafiri katika damu kama tarishi achukuaye barua toka ofisi hii hata ofisi ile. Iliyo kubwa kati yake yaitwa estrojeni. Wengi wafikapo baina ya miaka 45 na 55, vifuko huchoka, estrojeni hupungua, na siku hukoma. Wapo wanaosema kwamba damu isiyotoka hujikusanya tumboni na kuwa uvimbe. Si kweli. Damu ya kila mwezi ni ukuta laini wa mji wa mimba unaobomoka. Tarishi asipoleta amri, ukuta haujengwi, basi hakuna cha kubomoka. Lakini mama ambaye siku zake zakoma kabla ya miaka 40, huyo asiseme ni umri tu. Yafaa aende hospitali mapema, maana mifupa na moyo wake vitakosa kinga kwa miaka mingi.

Na joto latoka wapi? Katika ubongo kuna sehemu ilindayo joto la mwili. Estrojeni ikipungua, mlinzi huyu hushtuka kwa jambo dogo, kama mbwa abwekaye jani likianguka. Mwili ukipata joto kidogo tu, yeye huamuru jasho limwagike. Ndiyo maana huanza ghafula na kwisha baada ya dakika chache. Wengine hukosa usingizi, wengine moyo huwaenda mbio, wengine huwa wepesi wa hasira au huzuni, wengine huona ukavu na maumivu katika tendo la ndoa. Tena mambo haya hayaishi upesi kama wengi wanavyodhani. Uchunguzi mmoja mkubwa wa Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa wale waliosumbuliwa mara kwa mara, nusu yao walikaa na joto hilo zaidi ya miaka 7. Na kwa Wamarekani weusi ilikuwa miaka 10. Basi kumwambia mama "vumilia, litapita" ni rahisi kwa asemaye.

Waganga walifikiri hivi: ikiwa shida ni kupungua kwa estrojeni, na tuirudishe. Mwaka 1942 Marekani iliruhusu vidonge viitwavyo Premarin, vilivyotengenezwa kwa mkojo wa farasi majike wenye mimba. (Anayecheka dawa za kienyeji na akumbuke hayo.) Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, akatoa kitabu kiitwacho Feminine Forever, akidai kwamba kukoma siku ni ugonjwa na estrojeni ndiyo dawa yake. Wanawake wengi wakamsadiki. Kisha mwaka 1975 ikaonekana kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake huongeza saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Tangu hapo mama mwenye mji wa mimba hupewa homoni ya pili iitwayo projestojeni, ili kuulinda ukuta huo. Aliyeondolewa mji wa mimba aweza kupewa estrojeni peke yake.

Hofu kubwa ilikuja Julai 2002. Uchunguzi uitwao Women's Health Initiative, uliokuwa na wanawake 16,608, ulisimamishwa katikati, na magazeti ya dunia nzima yakapiga kelele kwamba homoni zaua. Hebu tuzitazame hesabu zenyewe. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia homoni zile mbili kwa mwaka mmoja, 38 walipata saratani ya titi; kwa wale waliomeza vidonge vitupu, 30. Yaani waliongezeka 8. Vivyo hivyo waliongezeka 8 wenye kiharusi, 8 wenye donge la damu mapafuni, na 7 wenye shida ya moyo. Lakini walipungua 5 waliovunjika nyonga, na 6 wenye saratani ya utumbo mpana. Madhara yapo, basi, wala si ya kufichwa. Lakini si ya kumfanya mtu akimbie usiku. Tena wengi wa wanawake wale walikuwa wazee, wastani wao miaka 63, waliokwisha koma zamani. Hesabu zilipochambuliwa upya kwa umri, mambo yalionekana tofauti kwa walio vijana zaidi. Waganga wengi sasa husema hivi: mama aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu akome, naye anateseka sana, kwake faida kwa kawaida hushinda hatari. Dawa ibandikwayo juu ya ngozi haileti madonge ya damu kama vidonge. Na kwa ukavu peke yake iko dawa ya kupaka ya nguvu ndogo, isiyoingia sana katika damu.

Wasiofaa kutumia ni hawa: aliyepata saratani ya titi, kiharusi, shida ya mishipa ya moyo, au donge la damu, mwenye ugonjwa wa ini, na mwenye kutoka damu isiyojulikana sababu yake. Mama mkubwa angalipewa homoni dukani siku ile, lingalikuwa kosa lile lile la chupa kwa sura nyingine.

Je, mizizi na majani? Watu wa asili wa Amerika ya Kaskazini walikuwa na mmea, jina lake la kitaalamu ni Actaea racemosa, nao sasa huuzwa kwa vidonge mahali pengi. Umechunguzwa mara nyingi bila kuonekana wazi kuwa washinda vidonge vitupu, na wengine waliotumia waliugua ini. Soya, ambayo ndugu zetu wa Ruvuma wailima, ina vitu vinavyofanana kidogo na estrojeni. Ni chakula chema, wala sina neno nayo. Lakini kupunguza joto kwake ni kudogo, na uchunguzi mmoja wakubali, mwingine wakataa.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, maana hili ndilo lililonifumbua macho. Wachunguzi walipowapa wanawake wengine homoni na wengine vidonge vitupu visivyo na dawa, pasipo wao kujua nani kapewa nini, hao wa vidonge vitupu walipungukiwa na joto kwa zaidi ya nusu. Zaidi ya nusu, kwa kitu kisicho na dawa! Sababu moja ni matumaini ya mgonjwa. Nyingine ni kwamba joto lenyewe hupanda na kushuka, na mtu hutafuta dawa wakati limepanda. Waliopewa homoni walipungukiwa zaidi sana, kiasi cha robo tatu chini ya hao wa vidonge vitupu. Basi jirani akikuambia, "Mimi mizizi ile imenisaidia," hasemi uongo. Lakini ushuhuda wake hauonyeshi kwamba mizizi ndiyo iliyomsaidia, wala hauonyeshi ndani ya chupa mna nini.

Yapo ya bure yafaayo: kulala mahali penye hewa, kuvaa nguo nyepesi za pamba, kuacha pombe, na kupunguza pilipili na chai ya moto sana jioni ikiwa ndivyo viamshavyo joto. Kwa ajili ya mifupa, maziwa na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, jua, na kazi ya miguu, ambayo akina mama wa kijijini hawaikosi.

Wengine wameniuliza kwa sauti ndogo kama homoni hizi si zile za kuzuia uzazi zikatazwazo na Kanisa. Homoni hizi hutolewa kwa ajili ya kutibu, tena nguvu yake ni ndogo, hata hazitegemewi kuzuia mimba. Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, sehemu ya 15, alieleza kwamba Kanisa halikatazi dawa zinazohitajika kuponya mwili. Mwenye mashaka amwone padre wake, lakini asikae na mateso kwa sababu ya uvumi.

Nanyi akina baba: mkeo akisogea mbali usiku, usikimbilie kudhani amekuchoka au ana mwingine. Huenda anaungua, au anaogopa maumivu na aona haya kusema. Mwulize taratibu. Nauli ya kwenda hospitali mara nyingi iko mfukoni mwako, maana zahanati nyingi za kijijini hazina dawa hizi, na mama hana budi kufika hospitali kubwa. Akifika huko apimwe presha, matiti na mlango wa kizazi kabla ya kupewa chochote.

Mama mkubwa alitibiwa kwa mionzi Dar es Salaam, katika hospitali ya Ocean Road, akarudi amekonda, lakini amerudi. Joto la usiku bado lamjia. Ile chupa ilikuwa imebaki nusu. Aliniomba niimwage, nikaimwaga nyuma ya jiko. Chupa yenyewe aliiosha vizuri, na sasa anatilia mafuta ya taa.