Senema Pana na Jinsi Ilivyopatikana

Mtu asimamaye pwani ya Tumbe huona bahari imetanda kushoto na kulia. Bali atazamaye katika tundu la mlango huona kipande tu. Hiyo ndiyo tofauti ya senema ya kale na senema pana.

Tangu miaka ya 1890, katika karakana ya Edison huko Marekani, utepe wa filamu ulikuwa na upana wa milimita 35. Picha yake ilikuwa sehemu 4 kwa upana na 3 kwa kwenda juu, na umbo hilo likadumu. Lakini baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, televisheni iliingia majumbani mwa Wamarekani, na viti vya senema vikabaki vitupu. Wenye senema wakatafuta jambo ambalo sanduku lile dogo halikuliweza, nalo ni upana.

Njia ya kwanza ilikuwa kushona. Mwaka 1952, mjini New York, Cinerama ilionyeshwa kwa mashine 3 zilizotupa picha 3 ubavu kwa ubavu, kama vipande vya nguo vishonwavyo kuwa tanga moja. Watu walistaajabu, walakini mishono ilionekana, na gharama ilikuwa kubwa.

Njia ya pili ilikuwa kukunja. Mfaransa Henri Chrétien alikuwa amekwisha kubuni, katika miaka ya 1920, lenzi ya kubana picha ubavuni. Mwaka 1953 kampuni ya Twentieth Century-Fox iliitumia katika filamu ya The Robe, ikaiita njia hiyo CinemaScope. Lenzi ya kupigia hulikunja tanga, na ya kuonyeshea hulikunjua. Utepe ni ule ule wa milimita 35. Lenzi ya pili ikikosekana, watu huonekana wembamba kama milingoti.

Njia ya tatu ilikuwa kukata picha juu na chini. Hatari!, filamu iliyopigwa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962, ilipangwa kwa umbo hilo. Bali filamu ya kale isiyopangwa hivyo ikikatwa, vichwa vya watu hupotea.

Basi, tuonapo katika televisheni mistari myeusi juu na chini ya picha, tusidhani tumepunjwa. Mara nyingi mistari hiyo ndiyo ihifadhiyo upana wote. Aijazaye kioo kwa kuikuza picha ndiye atupunguziaye bahari.