Nani Huteua Wasimamizi wa Kura?

Hapa Mutanga Sud tunabishana sana juu ya wagombea, na wasimamizi wa kura tunawasahau.

Katiba ya mwaka 2005 iliweka Tume Huru ya Uchaguzi, CENI, yenye wajumbe watano. Rais aliwateua, lakini kwanza Bunge la Taifa na Seneti, kila moja kwa upande wake, walipaswa kuwakubali kwa robo tatu ya kura. Hilo lilikuwa kufuli, chama kimoja kisijiteulie waamuzi.

Mwaka 2010 vyama vingi vya upinzani vililalamikia udanganyifu, vikasusia uchaguzi wa Bunge. CNDD-FDD ikapata viti 81 kati ya 106. Tupige hesabu kama ya mishahara yetu: robo tatu ya 106 ni 79 na nusu. Sisi tunaona waliosusia waliukabidhi ufunguo wenyewe.